Ndumilakuwili hatoki kwenye tabaruku yangu

Simu iliita nikiwa soko la Majengo, mama mmoja ananipimia mlenda mkavu kwa kopo. Mchapishaji kutoka Dar. Diwani yangu imepita, mashairi yote hamsini na mawili, baada ya miaka miwili ya "tutakujulisha". Nilipiga kelele hadi yule mama akasimamisha kopo hewani. Nilipomweleza ni kitabu, akaniongezea mlenda kidogo, akasema hongera, kisha akanidai hela yote.

Basi, hiyo ndiyo habari njema. Ila kuna neno.

Mhariri ameniomba, kwa upole kabisa, nibadilishe tabaruku, yale maneno ya mwanzo ya kumtunukia mtu kitabu. Niliandika: "Kwa Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, walimu wangu wa kwanza." Hao ni wahusika wa katuni za gazeti la Sani, naye anaona ni mzaha na utashusha hadhi ya kitabu. Afadhali nimtaje malenga fulani wa zamani. Nimekataa, na sababu ninayo.

Baba alifanya kazi stesheni ya Dodoma. Enzi zile treni ya Dar ikisimama, wauza karanga wanakimbilia madirishani, na karanga zimefungwa kwa kurasa za magazeti zilizosokotwa kama pembe. Gazeti la Sani zima nilikuwa silimudu, ila kurasa zake nilizipata kwa kula. Unamaliza karanga, unakung'uta chumvi, unanyoosha karatasi kwenye paja. Lodi Lofa yuko pale, ana doa la mafuta shavuni, na mkunjo umempita katikati. Mwisho wa kisa uko kwenye pembe ya mtu mwingine, naye yuko behewani anaelekea Tabora. Mwisho ilibidi niutunge mwenyewe. Nyingine nilizificha ndani ya daftari la hisabati, na fimbo nilizokula kwa ajili hiyo mpaka leo naweza kuzihesabu.

Watu hudhani katuni ni picha. Mimi nilichokuwa natazama ni kile kiputo cha maneno. Ni kidogo, na mchoraji akijaza maneno mengi, uso wa mhusika unafunikwa. Kwa hiyo anakata, anakata tena, linabaki neno lenye kishindo. Nilipofika sekondari, mwalimu akachora ubeti wa tarbia ubaoni: mistari minne, mizani, yaani silabi, nane upande wa kushoto (ukwapi), nane upande wa kulia (utao). Wenzangu waliguna. Mimi nikaona visanduku. Cha kushoto mtu anauliza, cha kulia anajibiwa, na kile cha mwisho kinakupiga kofi. Kumbe nimekuwa nikisoma tarbia miaka yote, na harufu ya karanga juu yake!

Na wale wachoraji hawakuwa watu wa mzaha. Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory, alikuwa akiwasema wakubwa ndani ya Uhuru, gazeti la chama tawala chenyewe. James Gayo naye alimfanya mhusika wake Kingo aseme mengi kwa maneno machache, mara nyingine bila neno hata moja. Nionesheni washairi wangapi wanaoweza kunyamaza vizuri namna hiyo. Mimi siwezi. Diwani yenyewe ina shairi la beti ishirini na moja juu ya vumbi la Dodoma, na vumbi lenyewe lingetosha beti tano.

Sisemi malenga hawana nafasi. Nimewasoma, wengine kwa hiari. Lakini huwezi kumtabarukia mtu uliyekutana naye ukiwa na miaka kumi na sita kwa sababu ya mtihani, ukamruka yule ambaye karatasi yake ililala chini ya mto wa kitanda chako ukiwa na minane.

Shairi la kwanza kitabuni linaanza hivi:

Garimoshi limekwenda, karanga bado za moto,
Ukurasa wa kupinda, nikausoma kitoto.

Mhariri ameusifu ubeti huo. Nikamuuliza, huo ukurasa wa kupinda anadhani ulikuwa wa kitabu gani? Akacheka, akakaa kimya kidogo, akasema sawa, tabaruku ibaki.

Limebaki jalada. Nimeomba treni na pembe ya karanga. Wamesema watamuuliza mchoraji.