Mtihani wa Septemba

Jamani, hii Kent ya Uingereza! Mtoto wa miaka 10, meno ya utoto hayajamaliza kung'oka, Septemba anakalishwa mtihani wa kuingia shule za grama, yaani sekondari za serikali zinazochagua watoto kwa mtihani: Kiingereza, hesabu, na mafumbo ya maumbo ambayo darasani kwake hata hayafundishwi. Kwa hiyo tuisheni, na tuisheni ni pesa. Halafu eti unapima akili, si mfuko wa mzazi! Kujisajili kunafungwa mapema Julai. Ukizubaa imekula kwako. Matokeo Oktoba, fomu ya kuchagua shule mwisho tarehe 31 mwezi huohuo, kisha usubiri mpaka tarehe 1 Machi ndipo ujue mtoto kapangiwa shule gani. Na kufaulu si kupata nafasi. Waombaji wakizidi, shule nyingi zinaangalia umbali wa nyumbani kwako. Sasa nyumba za karibu na shule hizo, kodi zake mmeziona?