Geuza Kombe, Tazama Mdomo Wake

Kuna jambo limenikera na sitalinyamazia. Maji yalikuwa yamekupwa Jambiani, hapa Zanzibar, mwamba uko wazi, mtoto mdogo akamkimbilia mama yake na kombe, yaani gamba la konokono wa baharini, kiganjani. Mama akamuuliza kijana aliyekuwa akiwatembeza, "Hili nini?" Akajibu bila hata kulitazama: "Kauri tu hiyo, mwache achezee."

Haikuwa kauri. Ilikuwa koni, konokono wa baharini mwenye sumu, tena hai, bado ina utando wake wa kahawia na nyama inaonekana ndani. Bibi mmoja aliyekuwa akitoka kwenye mwani ndiye aliyepaza sauti: "Liweke chini hilo, mwanangu. Lina mwenyewe!"

Jamani, kauri na koni hazifanani hata kidogo. Kauri ina mgongo wa mviringo na tumbo bapa, na mdomo wake ni ufa wenye meno pande zote mbili. Koni ni pana upande mmoja, imechongoka upande wa pili, na mdomo wake mwembamba umenyooka karibu urefu wote wa kombe, bila meno. Ligeuze kwa kijiti, utaona mara moja. Rangi usiiamini: utando huficha madoa, na jua na mchanga huyafuta.

Ndani ya mdomo huo konokono ana jino lenye sumu, na hulirusha kama chusa. Kulishika kombe upande mpana si kinga, maana mrija wake hujipinda na kufika mbali. Conus geographus, aina moja ya koni, anayepatikana tangu pwani yetu hadi Pasifiki, hula samaki na ameshaua watu. Dawa ya kuivunja sumu yake haipo; aliyechomwa huwahishwa hospitali asaidiwe kupumua mpaka nguvu za sumu ziishe. Sasa kutoka ufuoni mpaka kwenye mashine ya kupumulia ni mwendo gani? Ndiyo maana nina hasira.

Haya, nakubali kwamba koni nyingi hula minyoo na si za kuua mtu. Nakubali pia kwamba sumu ya koni mwingine, Conus magus, imezaa dawa ya maumivu makali, ziconotide, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Lakini mtoto hawezi kuzichagua, na mtu mzima aliye kando yake ndiye anayepaswa kujua.

Kauri nazo tumezidharau. Ile ndogo yenye pete ya manjano mgongoni, Monetaria annulus, katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg waliipakia melini hapa Zanzibar wakaipeleka Afrika Magharibi, ikatumika kama fedha. Leo tunaikanyaga. Na dondo, ile kauri kubwa yenye madoadoa, linalong'aa kwenye meza za wauzaji kwa kawaida limetolewa baharini likiwa hai, kwa sababu lililosukumwa na mawimbi hupoteza mng'ao. Mimi silinunui, na wageni wangu nawakataza.

Wanaoyajua haya wapo. Akina mama wanaookota chaza na kome kila bamvua, maji yanapokupwa sana, hutambua kombe mara moja, na wanajua lipi huachwa lilipo. Wenye hoteli wawalipe, tena vizuri, wawafundishe vijana wanaotembeza watu mwambani kabla msimu wa wageni wa Juni haujaanza.