Clair Patterson na risasi: nani alipima kweli?

Sifa za Clair Patterson, mwanajiokemia wa Marekani, kwa kawaida huanzia mwaka 1956, alipotumia isotopu (aina za atomi zinazotofautiana kwa uzito) za risasi, ile metali nzito yenye sumu, katika vimondo, kikiwemo cha Canyon Diablo cha Arizona, kuipa Dunia umri wa miaka bilioni 4.55. Ugomvi ulikuja mwaka 1965, aliposema Mmarekani wa kawaida amebeba mwilini risasi takriban mara 100 ya kiwango cha asili.

Mpinzani wake, daktari Robert Kehoe, alilipwa na viwanda vya petroli iliyotiwa risasi, lakini hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Alikuwa na vipimo vya binadamu vya miongo kadhaa, na kwake hatari ilianzia mikrogramu 80 kwa mililita 100 za damu. Patterson, mtu wa miamba, hakuwa na mgonjwa hata mmoja. Madaktari walikuwa na haki ya kumdai ushahidi.

Kehoe aliangukia kwenye vipimo vyake. Wanakijiji wa Mexico walioishi mbali na magari walipokutwa na risasi, alihesabu kuwa ni ya asili. Kumbe walikula kwenye vyombo vya udongo vilivyong'arishwa kwa risasi. Patterson alijua mtego huo wa risasi ya nje tangu Chuo Kikuu cha Chicago, ambako chembe zake za madini ya zirkoni zilitoa risasi nyingi kupita kiasi. Baadaye, katika chuo cha Caltech huko California, alisukuma hewa iliyochujwa ndani ya maabara ili vumbi lisiingie mlango ukifunguliwa, akasafisha asidi upya, akaosha vyombo kwa asidi. Kisha jaribio tupu: hatua zote zilezile bila sampuli, na risasi inayopatikana hutolewa kwenye jibu. Ikikaribia ile ya sampuli, kutoa hakusaidii. Utakuwa unapima vumbi la barabarani na kuliita mwamba.

Jodari ndiye shahidi bora. Mwaka 1980 Patterson na mtafiti mwenzake Dorothy Settle walipata nanogramu 0.3 za risasi kwa gramu ya nyama mbichi. Maabara ya serikali ilikuwa imepata 400. Nyama ya kopo lililochomelewa kwa risasi ilikuwa na 1,400. Kwa hesabu ya serikali kopo liliongeza risasi mara tatu na nusu. Kwa hesabu safi, zaidi ya mara 4,000.

Hata hivyo, kumpa Patterson peke yake ushindi dhidi ya petroli ile ni kuzidisha chumvi. Swali la madaktari alilijibu daktari wa watoto Herbert Needleman mwaka 1979, kwa kupima risasi kwenye meno ya utotoni na kuilinganisha na akili za watoto wenyewe na tabia zao darasani.