Kabla ya kununua tableti ya mtoto, muulize fundi

Tableti ya kwanza ya binti yangu ilidumu wiki saba. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi laki moja na thelathini, ya rangi ya waridi, kava la mpira lenye masikio ya sungura. Boksi lilijaa sifa: RAM GB 8, nafasi ya kuhifadhi GB 256. Muuzaji akaiwasha, akanifungulia mipangilio, na kweli 256 imeandikwa. Nikalipa.

Nyumbani nikaanza kuijaza katuni. Zilipofika kumi na kitu hivi, kila niliyoongeza ikawa haifunguki. Kumbe hata mipangilio hudanganya. Kuna wanaochezea mfumo mapema ili uandike namba waitakayo. Siku hizi naenda dukani na flashi iliyojaa video, nasema tukopi kwanza, kisha tufungue ya mwisho. Muuzaji hununa, maana inachukua muda. Mwache anune.

Lakini kilichoiua si hicho. Ilianguka kutoka kwenye kochi (kochi tu, jamani, si ghorofani) ikapasuka kioo. Fundi wa mtaani kwetu akaigeuza nyuma, akatafuta jina la modeli, hakuliona. "Kaka, hii kioo chake nikaulizie kwa jina gani?" Ikaishia kabatini, masikio yake juu.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza ni tableti ipi imara kwa mtoto, namrudisha kwa fundi. Mtoto wa miaka sita ataiangusha tu, hilo halina mjadala. La kuuliza ni kama siku ya pili yake kutakuwa na spea, na kwa bei gani. Kwa hiyo kabla sijafungua pochi, napita kwa fundi na jina la modeli nauliza vitu vitatu: kioo, betri, sistimu chaji (tundu la kuchajia). Kuna modeli ambazo tachi (kioo cha juu unachogusa) imetengana na dispalei inayoonyesha picha, ikipasuka unabadilisha tachi peke yake kwa hela ndogo. Nyingine zimegandishwa pamoja, ufa mmoja unakugharimu vyote viwili, na hapo fundi mwenyewe atakwambia bora ununue nyingine. Hayo huyasomi kwenye boksi.

Sistimu chaji nayo usiidharau. Zile chaji za zamani huingia upande mmoja tu, na mtoto hajui upande, anajua nguvu. Tafuta Taipu C, inaingia vyovyote vile.

Nilichonunua mara ya pili ni Samsung Galaxy Tab A7 Lite iliyotumika, ya laini. Ilitoka mwaka 2021, ina inchi 8.7, tundu la Taipu C na nafasi ya memori kadi. Kwa kuwa ilikuwa mkononi mwa mtu, nilibonyeza *#06#, nikaituma ile namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa kifaa, kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nione jina linalorudi kama ni lile lililoandikwa nyuma. Nililipa karibu mara mbili ya ile ya sungura, na mama watoto alinisema wiki nzima kwamba nimeacha kipya nikanunua mtumba wa bei mbaya. Kava nililiongezea mwenyewe, lile nene lenye mkono, kwa sababu kioo hupasukia kwenye kona.

Najua kuna wenye ndugu Marekani wanaotumiwa Amazon Fire za watoto. Ni nzuri, na kule huuzwa na dhamana ya miaka miwili: mtoto akivunja, unabadilishiwa. Sasa ikivunjikia Mbagala? Isitoshe haiji na Play Store, utahangaika kupata programu ulizozoea.

Na nafasi ya kuhifadhi naikazania kwa sababu ya bando. Tableti ya mtoto inayotegemea intaneti muda wote ni mzigo wa mzazi. Ya binti yangu ina vitabu vya kiada vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) nilivyovishusha, vipindi vya katuni ya Akili and Me, basi. Wapo wanaosema bila mtandao mtoto hajifunzi chochote. Hao wakumbuke Tanga. Programu zilizoshinda shindano la Global Learning XPRIZE mwaka 2019, za timu za onebillion na Kitkit School, zilijaribiwa huko katika vijiji karibu 170, kwa Kiswahili, na watoto wengi wakaanza kusoma kwa tableti zilizochajiwa kwa umeme wa jua, bila kutegemea intaneti.

Yetu ina mwaka wa pili sasa. Imebadilishwa tachi mara moja, na juzi imeanza kuchagua chaji, hadi uishike kwa kidole ndiyo ipokee. Fundi anasema sistimu chaji ipo, niipeleke Jumamosi asubuhi. Binti anataka kujua atarudishiwa saa ngapi.