Tembo wa Mjomba

Mjomba wangu alirudi Dodoma serikali ilipohamia, na tangu hapo anaongea kana kwamba yeye ndiye aliyeihamisha. Ukisifia barabara ya Mtumba, atakukumbusha alivyoisemea kikaoni. Kwa hiyo sendofu ya binti wa mama mkubwa kule Chamwino ilipokaribia, na mimi ndiye mpiga picha wa ukoo (yaani napiga bure na nalaumiwa kwa bei kamili), nilijua maelekezo yatatokea upande gani.

"Mpwa wangu," akanipigia usiku, "nikienda kuwatunza wale kina mama wa muheme, noti ionekane. Sitaki picha iliyocheza. Nataka hadi tembo aonekane."

Tembo ni yule wa kwenye mwekundu wa Msimbazi, elfu kumi kavu.

Sasa muheme wenyewe, ile ngoma ya kina mama wa Kigogo, ndio mtihani. Kina mama wamebana ngoma mapajani, viganja vinashuka kama mvua ya Machi, mabega yanatikisika, zile shanga pana za shingoni zinaruka na kurudi kifuani. Nyuso tu ndizo zimetulia, hazina habari kabisa na kinachoendelea kuanzia shingoni kushuka chini.

Nilipogeuka nilikuta mjomba ameshaitoa kamera yangu kwenye begi na kuizungusha kwenye oto. "Za siku hizi zinajua zenyewe," akasema. Mkubwa hapingwi mbele ya wageni, nikapiga. Jua lilikuwa linashuka, tuko chini ya turubai, kamera ikajichagulia shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ya 1/60 ya sekunde. Mkono ukienda mita 2 kwa sekunde, na wa muheme unaenda, ndani ya 1/60 umeshasogea zaidi ya sentimita 3. Mama mkubwa akachungulia skrini.

"Huyu mikono yake umeipeleka wapi?"

Kweli. Sura nzuri, ngoma nzuri, na pale pa mikono pana moshi.

"Washa ile ya kuzuia kutetemeka," mjomba akaamuru. Nikamweleza kwa adabu kwamba ile inatuliza mkono wa anayepiga picha, siyo wa anayepiga ngoma. Akafikiri. "Basi tuwaombe wapige polepole." Kwa bahati mbaya yule mama wa ngoma kubwa alimsikia. Alichojibu sikiandiki hapa. Kilikuwa Kigogo, na mjomba alikielewa chote.

Ndipo nikaichukua kamera yangu. Shata nikaipandisha hadi 1/1000, hapo mkono ule ule unasogea milimita 2 tu. Ila spidi haiji bure, unailipia kwa mwanga: toka 1/60 mpaka 1/1000 umeukata karibu mara 16. Nikafungua tundu la lenzi kutoka f/5.6 mpaka f/2.8 (namba ikishuka, tundu linapanuka), nikarudishiwa mara 4. ISO, ile inayoipa kamera wepesi wa kuhisi mwanga, nikaitoa 400 nikaipeleka 1600, mara 4 nyingine. Nne mara nne, deni limekwisha. Chembechembe zilijitokeza kidogo kwenye vivuli, nikaona nitasingizia vumbi, maana Chamwino mwezi wa nane nani atabisha?

Halafu f/2.8 haina huruma, sehemu inayotoka kali ni nyembamba mno. Mtu akikusogelea kidogo tu, masikio yanabaki makali na macho yameshaharibika. Nikaweka fokasi ya kufuata, ile inayomwandama mtu muda wote ukiwa umebonyeza kitufe nusu, na mfululizo wa picha 8 kwa sekunde.

"Haya mjomba, karibu."

Akaja na koti lake, anacheza kwa bega moja, mwekundu uko juu hewani. Vigelegele. Akauzungusha juu ya vichwa vya wapigaji, akazunguka tena ili hata walioko kwenye foleni ya chakula waone, kisha akainama kwenye beseni. Nikabonyeza na sikuachia. Nilichokuwa nakiangalia ni kile kijisanduku cha fokasi kisitoke usoni kwake, basi.

Vunja kamati ikafanyika nyumbani kwa mama mkubwa, ambaye pia ndiye alikuwa mhazini. Hesabu zikasomwa, pilau ikaliwa, nikachomeka flashi kwenye TV. Watu wakashangilia shanga, kila moja imeganda hewani unaihesabu. Ikaja zamu ya mjomba.

Picha ya kwanza: tembo mpaka mkonga. "Mnaona?" mjomba akasimama. "Mnaona kazi ya mpwa wangu?"

Ya pili: tembo bado yuko juu, ila mkono wa kushoto umezama mfukoni mwa koti.

Ya tatu: tembo anaingia ndani ya mkono wa koti, umebaki mkonga.

Ya nne: noti inatua kwenye beseni. Ni ya buluu, na Mwalimu Nyerere anatutazama.

Yote hayo chini ya nusu sekunde. Kwa macho hakuna aliyeona. Hata ile 1/60 yake ya oto ingemtolea moshi tu, na angebaki na heshima zake.

"Rudisha nyuma," mama mkubwa akasema. Nikarudisha. "Tena." Akavaa miwani. "Ndiyo maana nilihesabu lile beseni mpaka nikawatuhumu watoto."

"Dada, hizi kamera zinaongopa," mjomba akasema. "Huyu aliongeza ISO, mwenyewe niliona. ISO ikizidi inabadilisha rangi."

Sebule nzima ikanigeukia. Katika ukoo huu sijawahi kuulizwa jambo la kitaalamu, na hata siku hiyo hawakuuliza, walinikodolea macho tu wakisubiri.

"Inaongeza chembechembe, mjomba," nikasema. "Elfu kumi haiwezi kuifanya buku."

Mjomba akakohoa, akatoa simu, akaanza kutafuta namba ya mhazini taratibu sana, kwa mtu ambaye ile namba ni ya dada yake.

"Elfu tisa," mama mkubwa akasema. "Na ya kutolea."