Land Rover ya ami: tuitie injini ya Toyota au tuiache na yake?

Ami yangu wa Wete ana Land Rover ya mwaka 1969, ile ndefu ya inchi 109, iliyopandisha magunia ya karafuu vilimani Pemba tangu sijazaliwa. Huu mwaka wa pili imekaa chini ya mwembe. Ukiiwasha inatikisika, haina nguvu, inakunywa maji. Yeye ameshaamua: injini ing'olewe, iingie ya dizeli ya Toyota Hiace, ile aina iitwayo 3L, gari irudi shamba kabla ya msimu. Mwanawe mkubwa, anayekaa Unguja mjini, hataki hata kulisikia neno hilo. Kwake yeye, gari ya kale ikishatiwa moyo wa gari nyingine haina tena cha kuitwa ya kale. Wakaniita niwaamue, kwa kuwa nimeshafufua Morris Minor moja na Peugeot 404 moja.

Hoja ya ami ni nzito, na anayeicheka hajawahi kusubiri spea. Ringi, filta au pampu ya 3L utaipata Mwanakwerekwe, na ukiikosa inaletwa kutoka Kariakoo kwa boti. Fundi yeyote wa daladala anaifahamu injini hiyo. Ile ya asili, ya petroli, sentimita za ujazo 2286, inakunywa mafuta sana, na baadhi ya vifaa vyake huna budi uviagize Uingereza, ulipe usafiri, ulipe ushuru, kisha usubiri. Tena Land Rover tangu ilipoanza mwaka 1948 ilikuwa gari ya shamba. Haikuundwa itazamwe. Mwenye kuitia injini inayofanya kazi, asema ami, ndiye anayeiheshimu zaidi kuliko anayeiacha chini ya mwembe ikisubiri gasketi kutoka ng'ambo.

Watu humdhania kijana kuwa anasema kwa mapenzi tu. Si hivyo. Injini ile ya zamani ina pointi, koili na kabureta. Ikigoma, kwa spana mbili na taa ya kupimia umeme unajua imegoma kwa nini. Halafu gari nzima ilipimwa kwa nguvu za injini ile. Eksele za nyuma za Land Rover za miaka hiyo ni nyembamba, hukatika hata kwa injini yake mwenyewe dereva akiachia klachi kwa pupa kwenye mlima. Breki ni za dramu magurudumu yote manne. Ukiongeza nguvu mbele, huna budi ufikirie na nyuma, na mafundi wengi wanaobadilisha injini hawafiki huko. Tena huikata chesisi, fremu ya chuma inayobeba gari, ili kupata nafasi ya vishikizo vipya vya injini, na chesisi ikishakatwa hairudi ilivyokuwa. Na kadi ya gari je? Namba ya injini iliyoandikwa inakuwa si ile iliyomo. Siku ya ajali, bima wataanzia hapo.

Hapo nilipofika kwa mizani ya maneno, nikalala chini ya gari.

Nilikuwa na nyundo ndogo. Chesisi ya Land Rover ni boksi la chuma, lina uwazi ndani. Unapogonga penye uzima inalia kama kengele, sauti kavu. Nikaanza mbele: ting, ting. Nikafika penye mkono unaobeba bodi upande wa dereva, sauti ikabadilika, ikawa kama kugonga kopo lenye mchanga. Nikachukua bisibisi nikasukuma taratibu. Ikaingia hadi mpini. Nilipoitoa, ukamwagika unga mwekundu kifuani pangu. Boriti ya nyuma ilikuwa hivyo hivyo, pale inapofungwa trela. Na gari kwa juu inang'aa.

Hii ndiyo hadaa ya Land Rover. Bodi yake sehemu kubwa ni aluminiamu, kwa sababu baada ya Vita vya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo mnunuzi anaona mabati mazima akafikiri gari nzima. Sumaku tunayoitumia kwenye gari nyingine kutafuta puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, hapa haisaidii, maana haishiki kabisa. Lakini chesisi ni chuma, na huoza kuanzia ndani, ambako maji na udongo wa barabarani hukaa. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma, ukitia hewa yetu ya chumvi katikati, aluminiamu yenyewe huliwa ikawa unga mweupe. Angalia chini ya milango na kuzunguka skrubu, utauona.

Wazee wa Mji Mkongwe wanalijua jambo hili kwa upande wa nyumba. Ukuta wa mawe na chokaa ukiupiga plasta ya saruji unapendeza mwaka mmoja. Ndani unyevu umefungiwa, hauna pa kutokea, na ukuta unamomonyoka nyuma ya plasta. Puti juu ya kutu ni mambo hayo hayo. Kutu lazima ikatwe hadi ufikie chuma kizima, kisha ichomelewe kipande kipya. Fundi anayekuambia atakwangua na kupiga rangi anakuuzia mwaka mmoja.

Kwa hiyo baba na mwana walikuwa wakigombania injini juu ya chesisi isiyoweza kubeba hata mojawapo.

Bado nilitaka kujua kama injini imechoka kweli, kwani kila gari isiyo na nguvu huitwa imechoka. Tulizitoa plagi zote nne tukapima mgandamizo, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Silinda ya kwanza na ya nne zilisoma paundi 120 kwa inchi ya mraba na zaidi kidogo. Ya pili na ya tatu, 60. Nikatia kijiko cha oili ndani ya hizo mbili, nikapima tena. Kama ringi ndizo zilizolika, oili ingeziba na kipimo kingepanda. Hakikupanda. Silinda mbili zinazopakana zikianguka pamoja namna hiyo, na gari inapoteza maji, mara nyingi sana ni hedi gasketi, ile inayoziba kati ya injini na kifuniko chake cha juu, iliyoungua katikati yao. Ami alinyamaza kimya kirefu. Miaka miwili alikuwa akiambiwa ni injini nzima.

Kipimo hiki kifanywe kabla ya kununua, na gari uiwashe mara ya kwanza ikiwa baridi. Peugeot 404 yangu niliinunua saa nane mchana kwa mtu aliyekwisha kuizungusha kabla sijafika. Iliwaka mara moja, nikafurahi. Asubuhi ya pili ndipo nilipouona moshi wa buluu, dalili ya injini kuchoma oili. Siku hizi nafika asubuhi na naanza kwa kugusa boneti. Ikiwa ina joto, naondoka nirudi kesho. Kwenye gari ndogo kama Morris napandisha jeki pembeni kisha nafungua mlango: ukikwama, bodi imepinda kwa kuoza. Na kwa Morris usisahau maungio ya chini ya magurudumu ya mbele, yale yenye hesi. Yakikosa grisi hulika hadi gurudumu likajikunja chini ya gari ukiwa njiani.

Ile 404 ndiyo inayonizuia nisiwe upande wa kijana moja kwa moja. Ni gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na hakuna mtu wa rika la ami asiyeiheshimu. Lakini hedi yake ni ya aluminiamu, na mwenyewe wa kwanza alikuwa akiijaza rejeta maji ya kisima cha pwani, yenye chumvi. Njia za maji zilikuwa zimeliwa kama jibini. Niliitafutia hedi nyingine kwa miezi, sikupata iliyo nzima. Ningeambiwa wakati ule niweke injini ya Corolla nisingekataa, mradi vishikizo vifungwe kwa bolti bila kukata chesisi, injini ya zamani ipakwe grisi iwekwe, na kadi ibadilishwe.

Ya ami si hali hiyo. Gasketi si kitu cha kung'olea injini. Fedha ya 3L niliyoiona mezani pake inatosha kuanzia kazi ya chesisi, pamoja na silinda za breki, ambazo zimeganda zote kwa sababu mafuta ya breki hunyonya unyevu na hayajabadilishwa tangu Mungu ajue lini. Akimaliza hapo, aifanyie kama wavuvi wanavyofanya jahazi kwa sifa, yale mafuta ya papa: kila msimu, kabla haijavuja. Ndani ya boksi la chesisi itiwe nta au grisi iliyoyeyushwa, na ikitoka pwani ioshwe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Akitaka gari ya kubeba mzigo kila siku, mwaka mzima, hapo hoja yake ya dizeli inarudi na nguvu zake zote, na sitamlaumu. Nilimwambia hivyo mbele ya mwanawe.

Fundi wa kuchomelea kutoka Chake Chake ameshapita na chaki, ameweka alama sehemu saba za kukata. Kijana ameagiza gasketi. Injini ya Hiace bado iko kwa muuzaji, na ami hajamwambia ndiyo wala la.