Bibi wa Kaliua na Vipindi Saba

Saa 1:40 asubuhi, ujumbe unaingia kwenye simu: "Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu, bibi mzaa mama amefariki Kaliua, naomba ruhusa." Nilimpa pole. Wiki 3 kabla, kijana huyohuyo alikuwa amemzika bibi mzaa mama, Urambo. Kwetu mdogo wake bibi naye ni bibi, kwa hiyo nilinyamaza. Siku ya tatu mama yake akanipigia kutoka Kaliua kuuliza mwanawe anaendeleaje na masomo. Nyumbani kwake hapakuwa na msiba wowote.

Hapa Tabora ukikaa na wazazi utasikia kwamba sisi wakufunzi tuna roho ngumu: mtoto kafiwa, bado anadaiwa barua ya mtendaji yenye muhuri. Ni kweli inaumiza. Nimemwona mwanafunzi akimtafuta mtendaji huku marehemu wake hajazikwa. Lakini barua hiyo haikuanza kwa ukatili wa mtu. Ilianza kwa misiba ya kuzuliwa, na kumzulia kifo bibi aliye hai ni jambo zito.

Tazama hesabu yenyewe. Chuoni kwetu unatakiwa kuhudhuria asilimia 75 ya vipindi ndipo uingie kwenye mtihani. Somo langu la uhasibu lina vipindi 30 kwa muhula, viwili kila wiki kwa wiki 15. Robo yake ni 7 na nusu. Maana yake mwanafunzi anaweza kukosa vipindi 7 bila kuulizwa na mtu, bila kuandika ujumbe, bila kumsingizia ndugu yeyote. Ni zaidi ya wiki 3 nzima! Nimeirudia hesabu hii mara nyingi nikijiuliza uongo ni wa nini, wakati nafasi tayari anayo. Nikifungua daftari la mahudhurio ndipo naona: zile 7 huisha mapema, kwa mvua ya asubuhi, kwa usingizi, kwa mpira wa usiku. Msiba wa kweli ukija, hana akiba.

Na aliyekosa kipindi cha leja, yaani daftari la akaunti, hawezi kufuata urari, jedwali la kulinganisha masalio ya akaunti hizo. Nitamrudia leja saa ya chakula cha mchana, yeye na wenzake watano, huku waliohudhuria wakisubiri nisahihishe kazi zao.

Wanafunzi nao wana lao, tena kubwa. Februari mwaka jana binti mmoja alirudi darasani baada ya siku 9. Alisema alikuwa na malaria. Nilipompa karatasi ya zoezi nikaona vidole vyake vimeganda utomvu mweusi, ule ambao sabuni ya kawaida haiutoi. Mtu wa Tabora haulizi hicho ni nini. Majani ya tumbaku huiva kwa zamu kuanzia chini ya mche. Yakicheleweshwa daraja linashuka sokoni, na yakishaingia kwenye bani, banda la kuyakaushia, lazima mtu akeshe na moto karibu wiki nzima. Tumbaku hiyo ndiyo ada yake. Aliacha darasa ili aweze kubaki chuoni, halafu akaniambia malaria.

Fomu yetu ya ruhusa ina sababu mbili tu, ugonjwa na msiba. Uchumaji haumo, ada haimo, kodi ya geto haimo. Hapo chuo kina kosa. Hata hivyo, angeniambia tu, "Mwalimu, nyumbani tuko kwenye uchumaji," ningempa mazoezi ya leja ayafanye bani likiwaka. Anayesema ana malaria utampa pole, hutampa mazoezi. Hasira ya mkufunzi, inayoitwa ubabe, mara nyingi ni ya mtu anayetaka kusaidia na amefichwa pa kuanzia. Na yule wa bibi wa Kaliua ndiye aliyenifanya nimtilie shaka binti huyu hata kabla sijaviona vidole.

Nimeomba fomu iongezwe mstari wa tatu, kazi ya familia. Wenzangu wanasema darasa zima litapata mashamba ghafla. Huenda baadhi watafanya hivyo, lakini vidole vile najua ningeviamini.

Januari mwaka huu binti alinifuata chini ya mwembe, kabla hajakosa hata kipindi kimoja, akasema kwao wanaanza kuchuma wiki inayofuata. Aliondoka na mazoezi 12.